Badminton Kigoma: kabla ya mpinzani kuna upepo

Mkuu, umesema mmenunua raketi nne, mko washkaji wanne hapo Mwanga, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika na mnataka kuanza jumapili. Sie tulianza hivyohivyo mwaka juzi, ngoja nikupe yaliyotukuta.

Ufukweni msiende. Sie tulijifanya wajanja tukashuka upande wa Kibirizi saa kumi jioni, ziwa linang'aa, mapicha kibao, mchezo wenyewe sasa... Kinyoya, yaani kile kidude mnachopigiana kwa raketi, kizima hakifiki gramu 6 na upepo wa ziwani jioni unaujua, unapiga mbele kinarudi nyuma ya kisogo chako. Shemeji yangu kapiga kimoja kikatua katikati ya dagaa za mama mmoja alizoanika, tukamwamkia kwa adabu zote, tukaomba samahani, wapi, tulisemwa mpaka tukakunja vitu vyetu. Tangu siku ile tunacheza saa moja asubuhi, nyuma ya nyumba yenye ukuta mrefu, hewa imetulia.

Wavu nao ni hadithi. Kigoma nyavu chakavu hazikosekani kwahiyo tukaomba kipande cha nyavu ya dagaa tukafunga kwenye miti miwili. Aisee! Yale macho madogo yanashika upepo kama tanga la mtumbwi, dakika kumi tu miti yote imelala chini. Tafuta kipande cha macho makubwa. Urefu ni mita 1.55 kwenye nguzo, katikati unashuka kidogo, kwangu mimi inakuja usawa wa mdomo. Uwanja wa watu wanne ni mita 13.4 kwa 6.1, chora kwa majivu inatosha.

Sasa kucheza kwenyewe. Nyie mtatumia nguvu, najua, maana sisi wote tulitumia nguvu, kuna jamaa yetu mvuvi alikuwa anazungusha raketi kama anapiga kasia, kesho yake bega halinyanyuki na kinyoya hata hakukigusa mara tano. Hiki kitu sio mpira, kinatoka kwenye raketi kwa kasi halafu ghafla kinapoa kinadondoka kama jani, kwahiyo ukikiwahi kama mpira wa tenisi unapiga hewa. Subiri kidogo. Shika raketi kama unampa mtu mkono, vidole vilegee, ukaze pale unapogusa tu, kazi kubwa ni ya kiganja. Na hakuna kusubiri kidunde, kikigusa chini kwenu pointi imeenda.

Siku ya kwanza msihesabu pointi kabisa, hesabuni mmepigiana mara ngapi bila kudondosha. Sie rekodi ilikuwa saba na tulishangilia kama tumechukua kombe. Mkishazoea ndo mnaenda 21, lazima muwazidi kwa pointi 2, ikifika 29 kwa 29 anayewahi 30 kashinda. Kuanzisha unapigia chini ya kiuno, kimshazari, pointi zako zikiwa shufwa unasimama kulia, witiri kushoto. Hapa kwenye kulia na kushoto ndo ugomvi wetu wote ulipotokea, tena mpaka leo.

Vinyoya nunua vya plastiki. Vile vya manyoya halisi vina manyoya 16 na vinaruka vizuri sana sikatai, ila kwa wanaoanza mnapiga na fremu, unyoya mmoja ukivunjika kinayumba kama kalewa, tulimaliza vitatu asubuhi moja. Kiangazi ndo balaa zaidi maana vinakauka vinakatika, wanaojua huvipitisha kwanza kwenye mvuke wa maji ya moto, mi nilivipitisha kwenye birika la chai mke wangu akaniangalia tu.

Ndala usivae, sakafu ya saruji ina vumbi na huu mchezo una kusimama ghafla kwingi, mimi kifundo cha mguu kilivimba wiki mbili. Mkikosa mahali penye ukuta jumapili, semeni, kwetu kuna nafasi ila mnakuja na kinyoya chenu.