Kwa mleta mada: nilifungua faili la mzee wangu, hesabu zikaja tofauti na tulivyokuwa tunabishana

Wakuu habari za jioni. Mleta mada anasema yeye alianza na ukarani tu, mwaka 1989 tayari alikuwa anakaa kwake, na vijana wa sasa wanakwama kwa sababu ya simu za laki nane, bando na juisi za buku tano. Kuanzia komenti ya tatu vijana wakamvaa, oo nyie wazee mlikula nchi mkatuachia mifupa. Nimesoma zote nikiwa kwenye daladala nikawa nacheka peke yangu kama chizi, maana ugomvi huu mimi na dingi tumeufanya sebuleni kwake kama miaka nane hivi, maneno ni yaleyale, mpaka bi mkubwa akisikia tumeanza anaongeza sauti ya tivii.

Mimi nina 34, mhasibu msaidizi kwenye kampuni moja binafsi hapa Dar, nina mke na mtoto mmoja, nimepanga Kimara. Mzee ana 72, anakaa Sinza kwake. Naandika ndefu, mwenye haraka apite.

Silaha kubwa ya mzee ilikuwa sentensi moja, "umri wako mimi nilikuwa nimeshapaua." Basi. Ukileta hoja yoyote anakurudisha kwenye bati. Na mimi silaha yangu ilikuwa slipu ya mshahara, nayo naiweka hapa ili tusiongee hewani. Mshahara laki nane na nusu. NSSF, yaani mfuko wa pensheni, asilimia 10, elfu 85 imeondoka. Kodi ya mshahara 69,250. Mkopo wa chuo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 127,500. Inayoingia benki ni 568,250. Kodi ya nyumba laki mbili kwa mwezi ila hailipwi kwa mwezi, inalipwa ya miezi sita kwa mpigo, na siku naingia dalali alichukua ya mwezi mmoja ya kwake, kwa hiyo nilitoa milioni moja na laki nne kabla sijafunga hata pazia. Mleta mada hiyo juisi yako ikatwe wapi hapo? Nikinywa mbili kwa wiki ni elfu 40 kwa mwezi, nikiacha kabisa kwa mwaka mzima nimeokoa laki nne na themanini, haifiki hata kodi ya miezi mitatu. Na sinywi.

Huo mkopo wa chuo nao una stori yake. Nilimaliza 2016. Tuliokuwepo tunaukumbuka mwaka ule, katikati ya mwaka serikali ikasimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na mwisho wa mwaka huohuo sheria ya mikopo ikarekebishwa, makato yakatoka asilimia 8 yakawa 15. Nikakaa mtaani miaka miwili na nusu, kidogo dukani kwa mjomba Kariakoo, kidogo "kujitolea" kwenye ofisi moja ambapo hela waliyokuwa wananipa ni nauli, na sio kila siku. Wakati huo wote deni linapanda, maana kulikuwa na ile asilimia 6 ya kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ilikuja kufutwa 2021. Kwa hiyo nilipopata kazi nilikuta nadaiwa zaidi ya nilichokula. Bumu lenyewe, ile hela ya kujikimu chuoni, nilishasahau lilikuwa na ladha gani.

Sasa turudi kwenye faili. Desemba iliyopita dalali mmoja alikuja Sinza akamwambia mzee kuna mtu anataka kiwanja, avunje nyumba apandishe ghorofa, akataja milioni mia mbili na kitu na akasema zinaongezeka. Mzee akamfukuza, ila kamoyo kakamdunda, akaniita niende nikamtafutie karatasi zake zote tuziweke vizuri. Faili lenyewe ni la kadibodi, lina harufu ya dawa ya mende, limefungwa na kamba ya viatu. Juu kabisa barua ya kupewa kiwanja, mwaka 1979. Alikuwa na miaka 26, hana mke, kazi yake karani wa stoo kwenye shirika moja la umma ambalo leo halipo. Jamani kiwanja alipewa. Kimepimwa, kina namba, kina barabara mbele. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa miaka ya 70 kwenye ule mradi wa viwanja wa serikali na Benki ya Dunia ili watu wa kipato chake wapate pa kujenga. Alichotakiwa kulipa nilikisoma mara mbili, hakifiki mshahara wake wa miezi miwili.

Chini yake karatasi za mkopo wa Benki ya Nyumba, THB, mwaka 1981, wa vifaa vya ujenzi. Hapa ndio uhasibu ukanishika. Rejesho limeandikwa kwa shilingi, ni lilelile mwanzo mpaka mwisho. Na miaka ya 80 mnakumbuka au mlisimuliwa, bei zilikuwa zinapanda kwenye asilimia 30 karibu kila mwaka, na 1986 shilingi ikashushwa thamani. Mishahara haikupanda kwa kasi ya bei lakini ilipanda, rejesho likabaki palepale. Nikamwambia mzee, hizi za mwisho ulizokuwa unalipa zilikuwa hela ya kununulia nini? Akafikiri akasema, "mwishoni ilikuwa kama hela ya nyama ya wiki." Nikamwambia basi nusu ya nyumba hii ililipwa na mfumuko wa bei. Alikasirika wakuu. Alinyanyuka akaenda kumwagilia mchicha uani na ilikuwa imetoka kunyesha mvua.

Nilijua nimeshinda. Nikaendelea kupekua.

Karatasi iliyofuata ni barua ya kupunguzwa kazi, 1996. Enzi zile za mashirika kuuzwa. Miaka ishirini kazini halafu karatasi moja. Imeambatana na hesabu ya akiba yake ya NPF, kabla haijageuzwa kuwa NSSF, na ile namba pale chini asee nilinyamaza. Mfumuko uleule uliomlipia nyumba ulikuwa unamla huku kwenye akiba, kila mwezi alikuwa anawekewa shilingi yenye thamani anakuja kupewa shilingi ambayo haina kitu. Mafao ya miaka ishirini yakajenga vyumba vinne vya uani na kiduka cha mafuta ya taa. Mimi nilikuwa na miaka mitano, ninachokumbuka ni kwamba ghafla baba akawa anashinda nyumbani na sisi tukaona raha.

Vijana wenzangu mnaosema walikula nchi, huyu karani wa stoo alikula nchi ipi? Bi mkubwa anasimulia walipooana 1984 sukari ni foleni, sabuni ni foleni, nguo walifulia majani ya mpapai, doti ya khanga aliyogawiwa wakagawana na jirani, huyu upande mmoja na yule mmoja. Unga wa yanga wamekula mpaka leo mzee akiona ugali wa njano anageuza uso. Nyumba hiyo anayosema alipaua akiwa na 34 ilikaa kwenye lenta karibu miaka mitatu kwa sababu bati hakuna, sio kwamba hana hela, hela anayo mfukoni na bati hakuna nchi nzima mpaka uwe na kibali au mtu. Na ndani ya vyumba vitatu wamelala watu kumi na moja, wadogo zake, watoto wa kaka yake, mpwa aliyekuja "kwa wiki mbili" akakaa miaka sita. Mimi naishi watatu na nalalamika sebule ndogo.

Ninachokiona mimi ni kwamba tunabishana kwa sababu kila mtu anapima kwa kile alichokikosa. Mzee alikosa vitu, kwa hiyo akimuona kijana na simu, friji, viatu pea nne, anamuona tajiri anayechezea. Mimi vitu ninavyo hata kwa mkopo, nilichokosa ni ardhi na kazi isiyoyumba, kwa hiyo nikimuona yeye na kiwanja Sinza naona bwanyenye. Sensa ya 1978 Dar ilikuwa na watu kama laki nane na nusu. Ya 2022 imekuja milioni 5.4. Ardhi haikuzaa.

Na sijakaa tu. Mimi na mke tulicheza kikoba miaka mitatu, 2021 tukanunua Msongola, miguu 20 kwa 20, milioni nne, weka na asilimia kumi ya serikali ya mtaa. Hakijapimwa. Kutoka pale mpaka ofisini Posta ni kuamka saa kumi alfajiri. Msingi umesimama tangu 2023, mara ya mwisho nimeenda nimekuta mtu kapanda mihogo katikati ya kilichotakiwa kuwa chumba chetu, na imestawi kweli. Nilienda benki moja kuulizia mkopo wa nyumba, dada kanikaribisha vizuri na maji akanipa, kwanza hati, sina. Pili riba asilimia 17, miaka 15. Nikamaliza maji nikaondoka. Mzee alipata mkopo akiwa na barua ya kiwanja na barua ya mwajiri, zote mbili amepewa na serikali ileile.

Halafu hata wazee wenyewe sio wote wako sawa, hili mleta mada umeliruka. Bi mkubwa alikuwa mwalimu, alistaafu mwishoni mwa 2022, miezi michache baada ya kikokotoo kipya, ile kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kuanza Julai. Maisha yake yote kazini alijua akistaafu anapewa nusu ya mafao kwa mkupuo, akakuta ni asilimia 33. Ile hela alikuwa ameshaigawa kichwani, ya kwanza kwenye orodha ilikuwa kunimalizia msingi. 2024 wakaongeza ikawa 40, wakati huo yeye alishastaafu. Kwa hiyo kikokotoo cha mama kimekwamisha nyumba ya mtoto, mzee na kijana tumekatwa na mkasi mmoja.

Namalizia na kilichotokea jioni ileile ya faili maana ndio kilichonifanya niandike. Tumekaa uani mzee ameshaacha kununa, akaja kijana wa bodaboda, amesikia kuna chumba. Kile cha kona, laki moja na ishirini. Kijana anaendesha pikipiki ya mkataba, hesabu anayompelekea mwenye pikipiki ni buku kumi kila siku iendayo kwa Mungu, anaomba alipe mwezi mwezi. Mzee akamwambia hapana, miezi sita, 720,000, na ya dalali yake utaongea na dalali. Kijana akasema baba mimi napata hela kwa siku, hiyo ya miezi sita kwa mara moja naitoa wapi. Mzee akamwambia, na mimi naangalia hivi, "mngekuwa mnaweka akiba mngekuwa nayo." Kijana akashukuru akawasha pikipiki.

Haijapita nusu saa simu yangu ikaita, mama mwenye nyumba wangu wa Kimara. Mikono ilikuwa na mafuta ya samaki nikaweka laudi spika. Salamu ndefu, mtoto hajambo, mama watoto hajambo, halafu baba fulani nilikuwa nakujulisha kuanzia Januari kodi itakuwa laki mbili na nusu, maisha yamepanda, na kama kawaida yetu sita. Milioni na nusu. Nikasema sawa mama nimekusikia. (Na kodi ya jengo ambayo ni ya mwenye nyumba nailipa mimi kila mwezi nikinunua umeme wa luku tangu 2021, elfu moja ikaja ikawa elfu moja mia tano, siku hiyo nikatamani nimwambie, sikumwambia.)

Nikakata simu. Mzee ametulia anachambua miiba. Baadaye akasema, "huyo mama ana roho mbaya sana."

Sikumjibu. Nilimuangalia tu, bi mkubwa naye akamuangalia, na mara hii hakuongeza sauti ya tivii.

Mwezi wa pili nimeenda kuwasalimia nikakuta bodaboda imepaki uani, mlango wa kona una pazia. Nikamuuliza mzee vipi, sita imepatikana? Akasema amelipa mitatu, na dalali hakuhusika. Nikamwambia kumbe inawezekana. Akaniambia, "yule kijana ana adabu, sio kama nyie."