Kitambaa kisicho na shamba la pamba: lubugo

Ndugu umeuliza kama kuna kitambaa kinachotengenezwa bila kumwaga kemikali mtoni, mi nakwambia kipo tena hapa hapa jirani, lubugo la Waganda. Linatoka kwenye gome la mti wa mutuba, wanalibandua msimu wa mvua halafu shina linafungwa majani ya mgomba lisikauke, gome linaota tena, na mti huohuo unavunwa miaka na miaka bila kukatwa. Gome lenyewe linapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kazi ya masaa kibao bandani, mpaka linatanuka na kulainika, kisha juani linapata ile rangi ya udongo mwekundu. Hakuna kusokota uzi wala kufuma.

Wenye ufundi kwa asili ni ukoo wa Ngonge, na UNESCO walilitangaza urithi mwaka 2005, maana pamba ilishalisukuma pembeni tangu biashara ya Waarabu.

Sasa wabunifu wanalishonea mabegi, vivuli vya taa, mapambo ya ukutani, na hapo ndo naona pesa ilipo, kwa sababu nguo ya kuvaa na kufua kila siku bado ni shida, maji na lubugo havipatani sana. Ila tafadhali ukianza kulitumia nunua kwa mafundi wenyewe kwa bei ya haki, na uwaulize wanapanda mituba mingapi, maana bila mti hakuna kitambaa.