Maswali ya Wasomaji: Sauti Inayoachwa Nyuma na Midomo

Swali. Mhariri, ninafanya montaji, yaani kukata na kuunganisha video za sherehe, huku Kadutu, Bukavu. Juzi nilirekodi shughuli nzima ya mahari kwa simu, kwa kuwa kamera yetu ilikuwa imeharibika. Nikitazama faili kwenye simu yenyewe, maneno na midomo vinakwenda pamoja. Nikiliweka katika programu ya montaji, mwanzo uko sawa, lakini kufikia saa nzima mzee wa familia anakuwa amekwisha kuketi ndipo maneno yake yanaposikika. Nimejaribu kuisogeza sauti. Mwisho ukikaa vizuri, mwanzo unaharibika. Kompyuta yangu ni ya zamani. Je, ninunue nyingine?

Jibu. Ndugu msomaji, zuia pesa zako. Kompyuta dhaifu hukwamisha picha unapotazama kazi ndani ya programu, lakini ukwamaji huo hauingii katika faili unalotoa mwishoni. Kosa lako linaingia, tena linakua polepole, na dalili hiyo ndiyo ya kuangalia kwanza. Sauti iliyochelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho hurekebishwa kwa kusogezwa tu. Sauti inayozidi kuachwa kadiri dakika zinavyopita inaonyesha kwamba wakati wa picha na wakati wa sauti vinahesabiwa kwa vipimo viwili tofauti.

Simu nyingi hazirekodi fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, kwa kasi thabiti. Ukichagua fremu 30 kwa sekunde, hiyo ni kasi inayolengwa. Mwanga ukififia ukumbini, simu huiacha kila fremu ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, na kasi hushuka bila wewe kuarifiwa. Ndani ya faili kila fremu imeandikiwa wakati wake wa kuonekana, ndiyo maana simu huionyesha video bila taabu. Baadhi ya programu za montaji, hasa za zamani, hupuuza nyakati hizo na kuzipanga fremu zote kwa umbali sawa. Tuseme saa moja imerekodiwa kwa wastani wa fremu 29.8 kwa sekunde: faili litakuwa na fremu 107,280, ambazo zikipangwa 30 kwa kila sekunde zitaisha katika sekunde ya 3,576, ilhali sauti itaendelea hadi ya 3,600. Pengo ni sekunde 24, na zinamtosha mzee kuketi na kupokea glasi yake.

Lifungue faili katika MediaInfo, programu ya bure, ambayo itakueleza kama kasi ya fremu ni thabiti au inabadilika. Ikiwa inabadilika, lipitishe katika HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, nayo ni ya bure: chagua fremu 30, uamuru kasi hiyo isibadilike, kisha ushushe namba ya ubora hadi 18 au hata 16, kwa kuwa huko namba ndogo ndiyo yenye picha nzuri na faili zito. Fanya hivyo kabla ya kukata hata kipande kimoja. Wengi huja na kazi iliyokwisha kutolewa wakitaka kuibadilisha fomati ili ipone, nami huwajibu kwamba wakati huo pengo limekwisha kuandikwa ndani ya faili, na ubadilishaji wa pili utapunguza ubora wa picha bila kuisogeza sauti hata kidogo. Na vipande vya wenzako usivipokee kama video ya kawaida ya WhatsApp, ambayo huvibana sana. Waambie wavitume kama hati, au wakuletee kwa kle ya USB.

Swali. Harusi ya mwanangu ina saa tatu. Kijana aliyeirekodi aliiingiza yote katika DVD moja, na wakati wa kucheza picha inavunjika vijumba-vijumba. Nilimwomba anakili faili la MP4 moja kwa moja kwenye diski, lakini deki ya mkwe wangu huko Bagira inalikataa, ingawa kompyuta inalisoma. — Mama wa Ibanda

Jibu. Mama, hayo ni makosa mawili. Deki nyingi za DVD zinatarajia video ya MPEG-2, aina ya video inayotumika kwenye DVD, iliyopangwa ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS, pamoja na sauti ya kilohezi 48. MP4 iliyonakiliwa hivihivi kwao ni data tu. Programu ya kutengeneza DVD, kama DVDStyler, ndiyo inayofanya mpangilio huo.

Vijumba vinatokana na hesabu ya nafasi. Diski ya gigabaiti 4.7 ikigawanywa kwa saa mbili inatoa takriban megabiti 5.2 kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja, kiasi kinachoridhisha. Kwa saa tatu zinabaki 3.5 hivi, nazo hutosha watu wakiwa wameketi wakisikiliza hotuba, lakini hazitoshi ukumbi mzima unaporukaruka chini ya taa za rangi. Mwambie kijana agawe kazi katika diski mbili, au apunguze hotuba. Mimi ningepunguza hotuba. Asipandishe kiwango kupita megabiti 8 kwa sekunde hata nafasi ikiwepo, kwa sababu deki nyingi hukwama kwenye diski za kuchomwa, yaani zilizoandikwa kwa kompyuta, zilizojazwa hivyo, na achome kwa kasi ndogo.

Swali. Umeme ulikatika kompyuta ikirekodi ibada. Faili la MP4 lipo, ni zito, lakini halifunguki popote. Je, limepotea?

Jibu. Pengine halijapotea. Kwa kawaida MP4 huandika faharasa yake unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zipo lakini hakuna kinachoonyesha kila moja ilipo. Nakili faili hilo kando, kisha ujaribu programu iitwayo untrunc, ukiipa faili jingine zima lililorekodiwa kwa kompyuta na mipangilio ileile ili ijifunze muundo wake. Kuanzia Jumapili ijayo rekodi kwa MKV, aina nyingine ya faili la video, ambayo umeme ukikatika hupoteza sekunde za mwisho tu. OBS Studio, programu ya kurekodi kwa kompyuta, inaweza kuigeuza kuwa MP4 baadaye bila kuigusa picha.