Boliti za kwenda Ulaya na jedwali la kaboni: anzia kwa muuza waya

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama kiwanda chako cha boliti kitalipa tozo ya kaboni ya Umoja wa Ulaya, na kama unaweza kulipuuza lile jedwali refu la takwimu za kaboni alilokutumia mteja. La kwanza ni jepesi. Anayelipa ni mwagizaji aliyeko Ulaya. Ndiye anayeidhinishwa, ndiye anayenunua vyeti vya CBAM (hilo ndilo jina la utaratibu wa tozo hiyo). La pili ndilo lenye shughuli. Akikosa takwimu zako atatumia viwango vya kukadiria vya Tume ya Ulaya, navyo vimewekewa nyongeza kwa makusudi ili visimvutie mtu. Tofauti hiyo ataikata kwenye bei yako, au atatafuta muuzaji mwingine.

Mimi nashughulikia makaratasi ya mauzo ya nje kwenye kiwanda cha skrubu na boliti, na majedwali haya tunayajaza tangu kipindi cha mpito, cha kuripoti bila kulipa, kilichoanza Oktoba 2023. Wengi hukimbilia bili za umeme. Kipindi kile tuliripoti umeme kweli, lakini kuanzia Januari 2026 bidhaa za chuma hazitozwi kwa kaboni ya umeme uliotumika (saruji na mbolea zinatozwa, usichanganye). Kwa kiwanda chako kinachobaki ni gesi au mafuta ya tanuru la kuimarisha boliti kwa joto, na hicho ni kidogo. Mzigo wenyewe umo kwenye koili za waya unazonunua.

Tani moja ya chuma kilichotoka kwenye tanuru la makaa hubeba takribani tani 2 za kaboni dioksaidi. Chuma chakavu kilichoyeyushwa kwa tanuru la umeme hakifiki hata nusu ya hapo, na chakavu chenyewe huingia kwenye hesabu kikiwa sifuri. Boliti mbili zinaweza kufanana kama mapacha, moja ikatozwa mara kadhaa ya mwenzake.

Kwa hiyo mbane muuza waya. Wa kwetu alituletea kwanza kitabu cha kung'aa, picha za miti kila ukurasa, na wastani wa kampuni nzima. Hakikusaidia kitu. Unachotaka ni takwimu za mtambo ule uliotengeneza koili zako, kwa bidhaa ile, uzalishaji wa moja kwa moja ukiwa umetenganishwa na wa umeme, pamoja na njia iliyotumika. Kisha tunza karatasi ya vipimo inayokuja na kila shehena, ile yenye namba ya myeyusho, yaani ya mkupuo wa chuma kilichoyeyushwa pamoja. Sisi tunanunua kwa viwanda viwili. Bila namba hiyo kwenye lebo ya koili hakuna anayeweza kusema ipi ni ya nani. Pima pia waya inayoingia, si boliti zinazotoka peke yake, kwa sababu mabaki unayokata nayo yalikuja na kaboni yake. Akigoma kwa hoja ya siri za biashara, mwambie aingize takwimu mwenyewe kwenye sajili ya CBAM. Sehemu ya wazalishaji wa nje ya Ulaya ilifunguliwa 2025.

Halafu kuna wanaosema kwa 2026 inatozwa asilimia 2.5 tu ya kaboni ya bidhaa, tusihangaike. Hesabu haiendi hivyo. Kinachosamehewa ni asilimia 97.5 ya kiwango cha rejea cha bidhaa, yaani kipimo cha kaboni kwa tani kilichowekwa na Ulaya, na kiwango hicho kimepangwa kwa kuangalia wazalishaji wasafi. Ukizidi hapo, ziada yote inalipiwa tangu mwaka wa kwanza. Na punguzo lenyewe linayeyuka hadi kwisha 2034.

Kabla ya yote hayo, muulize mteja anaagiza tani ngapi kwa mwaka. Tangu marekebisho ya 2025, mwagizaji ambaye jumla ya chuma, aluminiamu, saruji na mbolea anazoingiza haizidi tani 50 kwa mwaka ameondolewa kwenye utaratibu huu, na wateja wadogo wengi wanatuma majedwali kwa woga tu. Akiwa juu ya hapo, vyeti vya bidhaa za 2026 vitaanza kuuzwa Februari 2027 na tamko lake linatakiwa ifikapo 30 Septemba mwaka huohuo, baada ya takwimu zako kupita kwa mhakiki aliyeidhinishwa. Mhakiki mtafute mapema. Kama una wateja Uingereza, wao wana utaratibu wao unaoanza Januari 2027, na kizingiti chao kinapimwa kwa pauni, si kwa tani.