Wasomaji Wauliza: Ghala la Mbao Lililozeeka Vibaya

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya salamu. Nimejenga mfano mdogo wa ghala la kahawa la kando ya reli hapa Moshi, kwa kipimo cha 1 kwa 87, nikikusudia lionekane kama la miaka ya 1930. Nilitumia vijiti vya aiskrimu, nikaviunga kwa gundi nyeupe, kisha nikapaka wino mweusi uliochanganywa na maji ili mbao zionekane kuukuu. Kuta zimepinda, pametokea mabaka meupe, na watoto wangu wanasema limefanana na jengo lililoungua. Nilikosea wapi?
Msomaji, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, kosa la kwanza ni la mpangilio wa kazi. Gundi nyeupe ikikauka huziba vinyweleo vya ubao, na wino haupenyi tena. Hayo ndiyo mabaka yako. Mbao hupakwa kwanza, pande zote mbili, zikishakauka ndipo huungwa. Kupinda nako kumeletwa na maji, kwa kuwa upande uliolowa huvimba ilhali wa pili umebaki ulivyo, na ubao mwembamba hauna ubavu wa kuzuia mvutano huo. Badala ya maji tumia spiriti, ambayo hukauka upesi: kijiko kimoja cha chai cha wino kwa robo lita kinatosha, nawe upake mara mbili au tatu hafifu kuliko mara moja nzito. Kazi hiyo ifanyike mbali na jiko, maana spiriti hudaka moto haraka.

Kosa la pili hukulitaja, lakini naliona. Kijiti cha aiskrimu kina upana wa milimita 10 hivi. Kwa kipimo chako, huo ni ubao wa sentimita 87, ambao sijui ungepasuliwa kutoka mti gani. Ubao wa ukutani wenye sentimita 15 hadi 20 unapaswa kuwa na milimita 2 tu, au pungufu kidogo. Huna haja ya kubomoa: chora mistari kwa wembe na rula kila baada ya milimita 2, kisha pitisha brashi ya waya kwa kufuata urefu wa ubao ili nyuzi zijitokeze. Kuta zilizopinda zinyooshwe kwa kugundishia vipande vya mbao vya kukingama upande wa ndani. Mabaka yaguse kwa rangi ya kijivu isiyong'aa, kwa brashi iliyo karibu kukauka.

Sasa tuje kwenye uzee wenyewe. Ubao usiopakwa rangi haugeuki mweusi kwa umri. Hugeuka kijivu, kwa sababu mwanga wa jua huvunjavunja ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, na mvua ikaiosha. Panapofunikwa na upenu ubao hubaki wa kahawia. Moshi iko kiasi cha nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa zaidi na jua, na hizo ndizo zipewe kijivu kingi. Chini, matone ya mvua hurusha udongo mwekundu ukutani kwa kimo cha sentimita 30 hivi, yaani milimita tatu na nusu kwenye mfano wako. Chekecha udongo wa uani kwa kitambaa, upake unga wake kwa brashi laini, na uishie hapo hapo. Kumbuka pia kwamba reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, kwa hiyo ghala lako la miaka ya 1930 lina umri wa miaka ishirini na ushei, nalo linafanya kazi kila msimu wa kahawa. Liwe limechakaa mlangoni na kwenye kingo zinazogongwa na magunia, halijawa gofu.

SWALI: Nawezaje kutengeneza bati lenye kutu kwa kipimo hicho hicho?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Mawimbi ya bati la kawaida huachana kwa milimita 76, ambazo kwa kipimo hicho ni chini kidogo ya milimita moja. Tandaza kipande cha sahani laini ya alumini, ile ya kubebea chakula, juu ya daftari, kisha viringisha juu yake bolti ya milimita 5 kwa kuikandamiza. Mistari itaegemea kidogo, hivyo kata vipande baada ya kuviringisha, si kabla. Kila bati liwe kipande chake, chenye urefu wa milimita 28 hadi 35, na yalaliane kama paa la kweli. Kutu huanzia kwenye misumari na kwenye kingo zilizokatwa, kisha hushuka na maji. Vumbi la chaki ya kahawia liburuzwe kuelekea chini, na mabati mawili matatu yaachwe safi, kama yaliyobadilishwa juzi.