Kabla hujamuuliza bibi, pima bakuli lake la sukari

Kitabu changu cha mapishi kimetoka. Maboksi yamefika hapa nyumbani Tanga wiki iliyopita, yamejaa ukumbini mpaka wageni wanakalia mkekani, na kila nikipita nafungua moja nikinusa karatasi. Ndani mna mapishi 64 ya pwani. Yamenichukua miaka minne na safari nyingi, za mwisho zikiwa Pemba, Lamu na Muscat, Oman.

Tangu habari zienee, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, nami nataka kuyaandika mapishi ya mama kabla hajazeeka zaidi. Naanzaje?" Nalijibu hapa kwa urefu, kwa sababu mimi nilianza vibaya nikapoteza karibu mwaka mzima.

Nilianza kwa daftari na kalamu. Nikaenda Wete, Pemba, kwa bibi mmoja ambaye mkate wake wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi, unasifiwa mtaa mzima. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kibao cha mbuzi kumkunia nazi, nikauliza: "Bibi, sukari unatia kiasi gani?" Akasema: "Kiasi tu, mwanangu. Ukionja utaijua." Nikambana. Akaniambia kikombe kimoja, nami nikaandika kikombe kimoja. Niliporudi Tanga mkate ukatoka mbichi katikati, mara tatu mfululizo. Nililia jikoni. Kumbe kikombe cha bibi ni kikopo cha zamani cha maziwa, kimebonyea ubavuni, wala hakijazi hata siku moja.

Mzee hakudanganyi. Mkono wake unajua, ila mdomo haujawahi kuulizwa. Kwa hiyo acha kuuliza, pima.

Hivi ndivyo nilivyofanya niliporudi Wete mara ya pili. Nilichukua mizani ndogo ya betri, ya kupima gramu. Kabla bibi hajaingia jikoni nikapima bakuli la sukari, mfuko wa mchele, kikopo cha hamira na iliki, kila kimoja na chombo chake, nikaandika. Kisha nikaiweka mizani kando, nikawa msaidizi wake kama mjukuu yeyote. Akachota, akamimina, akaonja, akaongeza. Sikumkatiza hata mara moja. Alipomaliza nikapima tena vilivyobaki. Tofauti ndiyo kipimo chake. Kwa mchele nusu kilo, "kiasi tu" ya bibi ilikuwa gramu 230 za sukari. Nikarudia siku nyingine ikawa 225. Mkono ule una mizani ndani yake!

Tui nalo lipime kwa mililita, usiandike "nazi mbili" ukaishia hapo. Nazi hazilingani, na mwenye kuchuja kwa kifumbu hapati sawa na mwenye kukamua kwa kitambaa. Andika tui zito kiasi gani na tui jepesi kiasi gani. Muscat nilikopikia na ndugu zetu wanaosema Kiswahili, wengi wanatumia tui la kopo au la unga, na bila mililita nisingeweza kuwaandikia chochote cha kuwafaa.

Moto ndio mgumu. Mizani haiupimi. Mkate wa kumimina unataka moto chini, kisha makaa yapaliwe juu ya kifuniko, na bibi anajua wakati kwa kutazama vitundu vinavyofunguka juu ya mkate. Hapo nilitumia saa, lakini niliandika na vile vitundu pia, kwa maneno yake mwenyewe. Dakika zinabadilika kwa kila jiko. Ukiandika dakika peke yake, umemwacha msomaji njiani.

Jambo jingine lililonichosha ni majina. Neno "bizari" peke yake lingeweza kuharibu nusu ya kitabu. Kuna anayesema bizari akikusudia manjano, kuna anayekusudia mchanganyiko wa mchuzi, na ile nyembamba ya kwenye pilau Unguja utasikia ikiitwa uzile, Mombasa jira. Nyanya ni tungule, viazi ni mbatata, na majani ya kotmiri ukivuka Mombasa yanaitwa dania. Ushauri wangu: kila kiungo kishike mkononi, kinuse, kipige picha, ndipo uandike jina alilolitaja mpishi na majina mengine pembeni. Usifute jina la mzee ili uweke lako. Nimesikia wazee wa Muscat wakitaja vitu vya jikoni kwa maneno niliyoyasikia mara ya mwisho kwa bibi yangu mzaa mama, na nilifurahi kupita kiasi.

Huko huko nilitamani sana kuandika shuwa, nyama ya Idi ya Oman inayopakwa viungo, ikafungwa kwa majani na kufukiwa katika tanuri la ardhini kwa siku nzima au mbili. Nimeiacha. Wapo wanaoipika kwa oveni, na ni nyama tamu, lakini shimo lile ni la jamaa na majirani wote, na sikuona haki kuliita shuwa pishi la sufuria yangu. Si kila kitu ulichokila safarini ni chako kukiandika.

Na omba ruhusa. Siyo ruhusa ya kuingia jikoni tu, ruhusa ya kuchapa. Lamu mama mmoja alinifundisha mkate wa mofa asubuhi nzima, kisha akasema pishi la samaki nililoliona jana yake ni la biashara yake, asingependa litoke. Halimo kitabuni. Wengine waliokubali nimewaandika kwa namna walivyotaka wenyewe, na kila mmoja anapata nakala kabla haijauzwa hata moja.

Ukishaandika, usilijaribu pishi mwenyewe. Wewe ulikuwepo, unajua, mkono wako utasahihisha kosa bila wewe kuona. Mpe karatasi mtu asiyelijua pishi hilo, kaa kimya pembeni, tazama anaposita. Kijana wa jirani yangu alisimama na bakuli mkononi kwenye neno "roweka" akaniuliza mpaka lini. Nilikuwa sijaandika "usiku kucha".

Nakala ya kwanza nimeipeleka Wete mwenyewe. Bibi alishika kitabu kwa mikono miwili, mjukuu wake akamsomea ukurasa wa mkate wa kumimina polepole, yeye akitikisa kichwa kila kipimo kinapotajwa. Mwisho akaniuliza: "Mbona hujasema iliki itwangwe na sukari kidogo? Haitwangiki vizuri peke yake." Kweli, sikusema. Nimeazima kalamu ya wino mweusi, nimekaa chini na maboksi yote, na mstari huo nauandika kwa mkono katika kila nakala. Mpaka jana usiku nilikuwa nimefika 312.