Mkuu, usiununue huo mfuko wa nailoni

Usiununue, mkuu. Umeeleza kwamba umepata leseni ya bastola, kwamba unanunua mahindi Kibaigwa na kuendesha gari hadi Dodoma mjini ukiwa na fedha za watu, na kwamba muuzaji amekuonyesha mfuko laini wa nailoni wenye lastiki, ambao anadai unafaa bastola yoyote na hausumbui kiunoni. Umeuliza kama uuchukue huo au utafute wa ngozi. Maneno ya muuzaji wako ni yale yale niliyoambiwa mimi, na mfuko unaouelezea ni ule ule ulioniponza.

Mfuko unaofaa bastola zote haufai hata moja. Umeshonwa kwa kukisia, kama soksi inayouzwa kwa kila mguu, hivyo bastola ndogo inacheza ndani yake na kubwa inaelemea upande mmoja. Siku za mwanzo lastiki huwa kali na utaridhika. Baada ya hapo jasho la kiuno na vumbi la kiangazi chetu huila taratibu, bila wewe kuona, hadi kinachobakiza bastola mahali pake ni mkanda wa suruali peke yake. Ya kwangu ni Glock 19, ambayo ikiwa na magazini (kasha la risasi) iliyojaa inakaribia gramu 850. Niliinama kwenye mizani ya mazao kusoma uzito wa gunia, shati likapanda mgongoni, na bastola ikachomoka mfukoni ikaanguka kwenye saruji katikati ya wapagazi.

Kijana mmoja alinyoosha mkono kuidaka kabla haijafika chini. Aliikosa, na hadi leo ninamshukuru Mungu kwamba aliikosa. Bastola za aina hiyo zina kinga za ndani zinazozuia isilipuke kwa kishindo cha kuanguka, lakini hazina kitufe cha usalama cha nje, na kidole kinachokurupuka kuidaka kinaweza kutua moja kwa moja kwenye kifyatuo. Ikikuponyoka, iache ianguke na uwazuie wengine wasiiguse. Nilikwenda mwenyewe kutoa taarifa polisi, bastola ikabaki kwa ukaguzi, na msimu ule wa mavuno ulinipita kwa sababu wakulima niliowazoea waliona ni heri wampe mnunuzi mwingine mzigo wao kuliko kusimama tena karibu nami. Siwalaumu hata kidogo.

Lililonitisha zaidi niligundua baadaye. Niliporudishiwa bastola niliondoa magazini, nikahakikisha chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, haina kitu, nikairudisha ndani ya ule mfuko, kisha nikaubonyeza kwa nje kwa kidole gumba pale kilipo kifyatuo. Nailoni ilizama ndani ya ile pete inayozunguka kifyatuo, na nikasikia bastola ikilia "ka!" Niliikoki upya, nikarudia, ikalia tena. Maana yake ni kwamba kwa muda wote ule funguo zilizo mfukoni, kona ya kiti cha gari au goti la mtoto anayenipanda nikiwa nimeketi vingeweza kufanya kilichofanywa na kidole changu. Ukiniambia kwamba huweki risasi chemba, nitakuuliza kama uko tayari kukabidhi maisha ya mwanao kwa kumbukumbu yako ya kila asubuhi.

Nilimrudia aliyeniuzia. Alinijibu kwamba sikujua kuuvaa, na kwamba wateja wake wengine hawajalalamika. Hilo linaniudhi hadi sasa, kwa sababu siku aliponiuzia hakuuliza hata bastola yangu ni ya aina gani. Mtu anayeuza kitu cha kubebea silaha bila kuijua silaha yenyewe anauza kitambaa, na hastahili shilingi yako. Leseni unayoibeba chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ina jina lako, na siku ya maelezo utaulizwa wewe.

Kwa hiyo shika jambo moja: nunua mkoba ulioumbwa kwa ajili ya bastola yako hiyo hiyo, jina na toleo lake, uliotengenezwa kwa kitu kigumu kinachofunika kifyatuo chote, na ambao mdomo wake unabaki wazi bastola ikiwa imetoka. Mdomo ukijikunja, utalazimika kuupanua kwa mkono wa pili kila unaporudisha bastola, na mkono huo utakuwa mbele ya mtutu. Plastiki ngumu iitwayo Kydex, inayopashwa moto na kukandamizwa kufuata umbo la bastola, inatimiza hayo yote. Ngozi nayo inaweza, ikiwa ni nene na fundi ameiloanisha na kuiumba juu ya umbo la bastola yako, lakini ikaguliwe mara kwa mara, kwa maana ngozi iliyochakaa hulegea na ukingo wake huweza kujikunja ukaingia penye kifyatuo wakati unarudisha bastola. Tena usiilaze bastola humo usiku kucha, kwa kuwa ngozi hutunza jasho na chuma hushika kutu.

Starehe uliyoiulizia haitoki kwenye ulaini. Inatoka kwenye mkanda mgumu usiokunjika kwa uzito, wenye upana wa kama milimita 38, na suruali iliyopanuka kidogo kiunoni ikiwa mkoba unaingia ndani. Uvae juu ya nyonga ya kulia, nyuma kidogo ya mshono wa suruali. Usiuweke katikati ya mgongo, maana ukianguka chali utaangukia chuma kwenye uti wa mgongo. Magari yetu yana usukani kulia, hivyo mkanda wa usalama unapita juu ya nyonga hiyo hiyo. Ulaze chini ya mpini wa bastola ili usiufunge ndani. Shati la kuachia au kaunda suti vinaficha vizuri. Mkoba unaoumiza ni hatari kwa namna yake, kwa kuwa utaanza kuitoa bastola na kuiweka kwenye droo ya dashibodi, na kila inapotoka na kurudi vidole vinapita karibu na kifyatuo.

Ukiupata, kabla hujatoka nao nyumbani, ondoa magazini na uhakikishe chemba ni tupu. Vaa mkoba na mkanda wake, keti kwenye kiti cha gari, chuchumaa, inama kama unayesoma mizani. Kisha uvue, ugeuze mdomo chini bastola ikiwa ndani, na uutikise juu ya godoro. Bastola ikitoka, urudishe mkoba dukani siku hiyo hiyo.